RUANDA-URUNDI: WAKUBWA WALIPOBISHANA, WAKIMBIZI WALIBAKI NJE



Kila ifikapo tarehe 1 Julai tunakumbuka uhuru wa Burundi na Rwanda, uliopatikana mwaka 1962. Vijana wetu huuliza: uhuru huo ulijadiliwa wapi, na nani? Kamati imeona vema tueleze kwa ufupi.

Nchi hizo mbili ziliitwa kwa pamoja Ruanda-Urundi. Tangu mwaka 1946 zilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Ubelgiji ndiyo iliyozitawala. Kwa hiyo shauri lilikuwa na wakubwa wawili, mmoja New York na mwingine Brussels, nao hawakuelewana.

Machafuko ya Novemba 1959 nchini Rwanda yaliwakimbiza maelfu ya watu, na baadhi yao waliingia Tanganyika. Tarehe 20 Desemba 1960 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1579. Lilitaka msamaha utolewe, wakimbizi warudi na vyama vikutane kupatana, ndipo uchaguzi ufanyike. Ubelgiji ilikuwa imekwisha kupanga uchaguzi Januari 1961. Iliita vyama mkutanoni Ostend, kisha ikakubali kuahirisha. Lakini tarehe 28 Januari viongozi waliokusanyika Gitarama walitangaza jamhuri ya Rwanda, na Ubelgiji ikautambua utawala huo. New York walikuwa bado wanabishana, na huku nyumbani jambo limekwisha kuamuliwa.

Uchaguzi ulifanyika Septemba 1961, wakimbizi wengi wakiwa bado nje. Burundi, chama cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64, lakini tarehe 13 Oktoba kiongozi wake, Louis Rwagasore, aliuawa. Umoja wa Mataifa ulitamani nchi hizo zibaki moja, lakini mazungumzo ya Addis Ababa mwaka 1962 yalishindikana. Zikapata uhuru kila moja peke yake, na suala la wakimbizi halijatatuliwa.

Sisi tunajifunza nini? Azimio lilimtaja mkimbizi, ila hakuna aliyemngoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliweka sehemu maalumu juu ya wakimbizi wa Burundi, na hiyo ilikuwa hatua. Hata hivyo, kuandikwa katika karatasi si sawa na kuketi mezani. Tunawaomba wazee wawasimulie vijana historia hii, na wafanyakazi wa mashirika watusikilize kabla ya kupanga safari ya kurudi kwetu.

Ni sisi, Kamati ya Wakimbizi.