Mzigo wa Betri: Historia ya Gharama za Gari la Umeme

Gharama ya kuendesha gari la umeme ina sehemu mbili kuu: umeme unaojaza betri, na betri yenyewe, ambayo huchakaa kadiri inavyochajiwa na kutumika. Tangu magari haya yalipoanza kubeba abiria mwishoni mwa karne ya 19, ni hiyo ya pili ambayo mara nyingi imeamua kama biashara itasimama au itaanguka. Ndiyo maana historia ya gharama zake ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu kutafuta nani abebe mzigo wa betri.

Magari ya kwanza yalitumia betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na kuboreshwa na Camille Faure mwaka 1881, aliyepaka ujiuji wa risasi juu ya mabamba yake. Betri hiyo iliweza kuchajiwa tena na tena, lakini ilikuwa nzito na haikustahimili mtikisiko. Gari likipita kwenye barabara za mawe, ujiuji ule ulibanduka kidogo kidogo, ukatuama chini ya chombo kama tope. Tope likiongezeka hadi kuyagusa mabamba, betri iliharibika. Ilibidi fundi aifungue, aioshe, na baada ya muda abadilishe mabamba. Gharama hiyo haikuwamo kwenye bili ya umeme, lakini mwenye gari hakuweza kuikwepa.

Mjini London, teksi za umeme za Walter Bersey ziliingia barabarani mwaka 1897. Uzito wake ulimaliza tairi haraka, na mtikisiko ukaharibu betri. Kufikia 1899 matengenezo yalikuwa yameilemea biashara, ikafungwa. New York nako teksi za umeme zilianza mwaka huohuo wa 1897, lakini kwa mpango tofauti. Badala ya gari kusimama kwa saa nyingi likichajiwa, liliingizwa kituoni Broadway, mitambo ikachomoa sanduku la betri lenye uzito wa zaidi ya nusu tani na kuingiza jingine lililojaa. Kazi hiyo ilichukua dakika chache tu. Gari lilirudi kutafuta abiria, na betri ikabaki mikononi mwa mafundi. Hata hivyo, kampuni iliyorithi teksi hizo, Electric Vehicle Company, ilitanuka upesi kuingia miji mingine bila kuwa na mafundi wa kutosha, ikafilisika mwaka 1907.

Mwaka 1900 Marekani iliunda magari 4,192, na kati yake 1,575 yalikuwa ya umeme, zaidi ya yale ya petroli. Wanunuzi wengi walikuwa matajiri wa mijini. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme, na pale ulipokuwapo mara nyingi ulikuwa wa mkondo geu, ilhali betri huhitaji mkondo mnyoofu. Kifaa cha zebaki cha kubadilisha mkondo, kilichobuniwa na Peter Cooper Hewitt mwaka 1902, kiliwezesha watu kuchaji nyumbani, lakini nacho kilikuwa cha kununuliwa. Wengi waliona heri waache gari gereji, likachajiwa, likaoshwa na kutunzwa kwa malipo ya kila mwezi.

Kampuni za umeme ziliona faida katika kuchaji magari haya. Usiku, taa zilipozimwa, mitambo yao ilikuwa ikikaa bila kazi ya kutosha. Gari linalochajiwa saa hizo lilinunua umeme ambao vinginevyo usingepata mteja, kwa hiyo baadhi ya kampuni zilishusha bei ya usiku. Kwa upande wa betri, Thomas Edison alitengeneza ya nikeli na chuma. Toleo lake la mwanzo lilivuja na kuondolewa sokoni. Lililofuata mwaka 1909 lilidumu miaka mingi. Tatizo lilikuwa bei. Mnunuzi aliokoa gharama ya matengenezo, lakini alilazimika kutoa fedha nyingi siku ya kwanza.

Suluhisho lililofikiriwa vizuri kuliko yote lilitoka kwenye kampuni ya umeme ya mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1910 mfanyabiashara aliweza kununua lori bila betri. Betri ilibaki mali ya kampuni, nayo ilibadilishwa ilipoisha chaji. Mteja alilipa ada ya mwezi kwa ajili ya utunzaji, na juu yake malipo kwa kila maili aliyosafiri. Hivyo uchakavu wa betri uliingizwa ndani ya bei ya safari, na aliyeweza kuupunguza ndiye aliyeubeba. Huduma hiyo ilidumu hadi 1924, na malori yake yakasafiri zaidi ya maili milioni 6, yaani takriban kilomita milioni 9.7.

Kilichoizima ni ushindani wa magari ya petroli. Ford Model T iliuzwa kwa dola 850 mwaka 1908, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 bei yake ilikuwa chini ya dola 300. Mota ya umeme ya kuwashia injini, iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, iliondoa adha ya kuzungusha hendeli. Gari la umeme lilibaki pale hesabu zilipolikubali. Uingereza ililitumia kusambaza maziwa alfajiri: njia ilikuwa fupi na ileile kila siku, vituo vilikuwa vingi, na kuchaji kulifanywa katika bohari moja.

Betri ya lithiamu, iliyoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991, ilibadilisha hesabu hizo polepole. Mwaka 2010 betri ya gari iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa ya uwezo wake. Kufikia 2024 wastani ulikuwa karibu dola 115. Mpango wa kubadilisha betri nao ulirudi. Kampuni ya Better Place, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilijenga vituo Israel na Denmark, lakini magari yaliyonunuliwa hayakutosha kurudisha mtaji wa vituo hivyo, ikafilisika mwaka 2013.

Mpango huo umepata nafasi nzuri zaidi kwenye pikipiki za abiria za Kigali na Nairobi. Betri ya pikipiki hubebeka kwa mikono, na dereva wa bodaboda hutembea kutwa, kwa hiyo kituo kinapata wateja wa kutosha. Kampuni ya Ampersand ilianza Kigali mwaka 2019: dereva hununua pikipiki bila betri, kisha hulipa kila anapobadilisha. Kenya, mwaka 2023, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, yenye nafuu zaidi katika saa za matumizi madogo.

Hata hivyo, dereva anayepita kituoni halipii umeme tu. Ndani ya malipo yake mna uchakavu wa betri, mtaji wa kituo na faida ya kampuni. Na kwa kuwa kwa kawaida betri za kampuni moja haziingii kwenye pikipiki za nyingine, unafuu wa dereva wa siku zijazo unategemea bei ambayo kampuni hiyo itapanga.