Saa ya Kigali na Viraka vya Msimbo wa C: Historia Fupi

Kompyuta yenye mfumo wa Linux iliyopo Kibagabaga, Kigali, husoma saa kutoka jedwali la Africa/Kigali, katika hazina ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson mwaka 1986 na kuhifadhiwa chini ya IANA tangu 2011. Leo jedwali hilo hurejelea data ya Maputo, yaani saa 2 mbele ya Greenwich. Nairobi iliwahi kutumia saa 2 na dakika 45.

Majedwali hayo hutayarishwa na zic, programu ya lugha ya C. Ndani yake mna viraka vinavyokwepa kasoro za programu nyingine zinazoyasoma. Kwa miaka mingi iliandika data mara mbili: ya biti 32, isiyovuka mwaka 2038, na ya biti 64. Toleo la 2020b liliondoa desturi hiyo, ila likabakiza chaguo la kuirejesha.

Hapa pana funzo la kisera. Kiraka kikiondolewa mapema, huumia mwenye mashine kuukuu. Kikidumu milele, mzigo humwelemea mtunzaji. Basi kila kiraka kiandikiwe sababu na sharti la kuondolewa, nazo taasisi za umma ziorodheshe mifumo yake ya zamani kabla ya kuisasisha.