HAKI ZA MGONJWA: MAMBO YA KUJUA KABLA HUJAFIKA DIRISHANI



Huku kwetu, kuanzia Bukoba mjini mpaka Muleba vijijini na visiwani, wengi tunaamini matibabu ni hisani. Nesi akikuhudumia vizuri unamshukuru kama kakupa zawadi, akikufokea unanyamaza ili mambo yasiharibike zaidi. Mimi si daktari wala mwanasheria, shule niliishia kidato cha nne. Ila nimekaa chini nikasoma sheria na mikataba inayotuhusu, nikaona niwawekee hapa kwa lugha ya kawaida, ili mtu akitaka kujua haki yake asianze kutafuta mbali.

1. AFYA NI HAKI KWELI, AU NI MANENO TU?

Ni haki. Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 25, linataja matibabu pamoja na chakula, mavazi na makazi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa 1966 unaitaja afya kwenye ibara ya 12, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ibara ya 16, nao unasema hivyo hivyo, na sisi tuliuridhia 1984.

Tatizo liko kwenye Katiba yetu ya 1977. Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi. Ibara ya 11 inazungumzia kusaidiwa wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Lakini ibara hiyo ya 11 ipo kwenye ile sehemu ya malengo ya nchi, na ibara ya 7 inasema mambo ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama. Yaani ukikosa dawa zahanati, ni vigumu kwenda mahakamani ukiwa na ibara ya 11 peke yake mkononi. Ndo maana sheria ndogo ndogo zinazofuata hapa chini ni muhimu sana.

2. KAGERA TUMELIPIA SOMO HILI

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na hospitali ya Ndolage kule Kamachumu, wilaya ya Muleba, inakumbukwa kwa hilo. Wazee wanajua jinsi ugonjwa ulivyoitwa Juliana, jinsi watu walivyonyooshewa vidole, na jinsi nyumba zilivyobaki na bibi na wajukuu. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, na Sheria ya UKIMWI ikaja 2008. Katikati hapo watu wengi waliumizwa na siri kuvuja kuliko hata na homa yenyewe.

Halafu ikaja Marburg. Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko Bukoba vijijini: watu 9 waliugua, 6 wakafariki, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliougua. Zaidi ya watu 200 waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa. Januari 2025 ugonjwa ukarudi, safari hii Biharamulo, na watu 10 walipoteza maisha. Kumtenga mgonjwa wa namna hiyo kunaruhusiwa na sheria kwa sababu kunaokoa wengine. Lakini aliyetengwa bado ni mtu: anastahili chakula, maji, maelezo ya kinachoendelea, na heshima. Na akitoka mzima asifukuzwe kisimani wala sokoni.

3. HAKI ZAKO UKIWA MBELE YA MHUDUMU

- Kuelezwa ugonjwa wako kwa lugha unayoielewa. Kama bibi anajua Kihaya tu, atafutwe wa kumtafsiria, na mambo yake ya siri yasitangazwe korido nzima.
- Kukubali au kukataa. Upasuaji unahitaji ridhaa yako, na karatasi ya kusaini usomewe kabla ya kusaini. Kama ni dharura na hujitambui, mhudumu anaanza kuokoa maisha kwanza.
- Siri. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumpima mtu VVU kwa nguvu, isipokuwa pale sheria ilipotaja kama vile amri ya mahakama, na inakataza kutoa majibu ovyo. Marekebisho ya 2019 yaliruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi, na watu kujipima wenyewe.
- Kujua wewe ni sehemu ya utafiti au la. Muleba tumewahi kuwa uwanja wa utafiti mkubwa wa vyandarua vya malaria, ulioanza 2014 na kuchapishwa 2018, na umesaidia dunia nzima. Sawa kabisa, lakini utafiti wowote unaanza na kuulizwa, na una haki ya kusema hapana bila kunyimwa matibabu ya kawaida.
- Kutobaguliwa kwa dini, kabila, ulemavu au umaskini.

4. HELA, MSAMAHA NA BIMA

Baada ya Azimio la Arusha matibabu ya serikali yalikuwa bure. Miaka ya 1990 kukaja uchangiaji, na pamoja nao ukaja msamaha. Kwa sera ya serikali, wanaosamehewa ni wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wagonjwa wa TB, ukoma na VVU kwa magonjwa hayo.

Sasa kwenye utekelezaji ndipo kasheshe. Shangazi yangu ana miaka 67 na hana chochote zaidi ya migomba yake. Nilimpeleka kituo kimoja (jina naliacha), tukalipishwa kumuona daktari, tukalipishwa kipimo, kisha tukapewa karatasi ya kwenda kununua dawa duka la nje. Wakati tunatoka nikaona tangazo la msamaha wa wazee limebandikwa NYUMA YA MLANGO. Mlango ukiwa wazi, halionekani. Hakuna aliyetuuliza umri. Shangazi akasema tu, "Mwanangu, twende, kesho tutawahitaji hawa." Hiyo kauli ndiyo inayotuua.

Kuhusu bima, mfuko wa CHF iliyoboreshwa ulianza 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni hatua nzuri, ila kadi haiwi dawa. Mtu wa Bumbire au Goziba anaumwa usiku, ziwa limechafuka, boti hakuna. Huyo anahitaji zahanati yenye dawa na mtu wa zamu kabla ya kuulizwa kadi.

5. UKIKOSEWA UFANYE NINI

a) Ongea kwanza na mganga mfawidhi wa kituo. Mengi yanaisha hapo.
b) Kila kituo kina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Ulizia wa kijijini kwako ni nani.
c) Andika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha wa Mkoa pale Bukoba. Weka tarehe, saa na risiti, na ubaki na nakala.
d) Kosa la kitaaluma linaenda Baraza la Madaktari, au Baraza la Uuguzi na Ukunga.
e) Ukiombwa rushwa piga TAKUKURU 113, bure. Wizara ya Afya ni 199.
f) Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko.

6. NA WAJIBU JE?

Upo. Sema ukweli kuhusu dawa ulizokunywa, za kienyeji pia. Usimtukane nesi. Mara nyingi yuko peke yake zamu nzima, gloves hazitoshi, na dawa zilizoisha si yeye aliyezimaliza. Naye ni mwananchi anayestahili vitendea kazi, na Marburg ya 2023 ilituonesha anachohatarisha.

Kwa hiyo wadau, tuulize kwa adabu, lakini TUULIZE. Risiti ya nini? Huyu mzee hana msamaha? Hii karatasi inasemaje? Mwenye uzoefu wa kituo chake aweke kwenye maoni hapo chini, ila majina ya wagonjwa tuyaache.

Nawasilisha.