Kansa Inaweza Onekana Kwa Mkojo? Rada Ni Hii

Ule mkebe mdogo unapewa hosi uende nao choo, mara mob wanacheki sukari, mimba ama infekisheni. Lakini mkojo wako unajua mengi kukuliko.

Inafanyaje? Figo zinachuja damu siku nzima, taka inatoka na mkojo. Kansa ikikua, inaweza mwaga protini na kemikali zisizo za kawaida kwa damu, na zingine zinapita hadi hapo. Kama iko kwa kibofu, seli zenyewe zinadondoka ndani ya mkojo.

Na hii si story ya jana. Mwaka wa 1845 kule London, daktari Henry Bence Jones alitumiwa mkojo wa msee aliyekuwa anasumbuliwa na mifupa. Ukipashwa moto unaganda, ukichemka unakuwa safi, ukipoa unaganda tena. Ile protini ikaitwa jina lake, na hadi leo labu huitafuta wakishuku mayeloma, kansa ya uboho wa mifupa.

Siku hizi kila kipimo kina kansa yake:

• Kibofu: seli zinaangaliwa kwa hadubini, ama protini ya NMP22 inapimwa.
• Tezi dume: PCA3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2012.
• Nyuroblastoma, kansa ya watoto: kemikali za VMA na HVA.

Sasa, usiuziwe uongo ati kuna mkebe mmoja unashika kansa zote. Kipimo cha mkojo kinashuku tu. Kudhibitisha, daktari atataka kuingiza kamera ama kukata kinyama kidogo apime. Tena kushika kansa mapema si lazima iokoe maisha: Japani walipima mkojo wa watoto wa miezi 6 nchi nzima, wakapata kesi mob ambazo zingeisha zenyewe, wakaachana na hiyo programu.

Chenye unaweza fanya leo ni hii: ukiona damu kwa mkojo, hata mara moja, hata kama hauskii uchungu, enda upimwe. Inaweza kuwa infekisheni, mawe ya figo, ama kichocho, ile bilharzia ya huko Pwani, ambayo ikikaa miaka bila dawa inaweza leta kansa ya kibofu.

Na umuulize buda yako pia. Wazee huona damu wakanyamaza.