Juu ya Kuorodhesha Visa vya Luteni Columbo

Mtu atakaye kujua idadi ya visa vya Luteni Columbo, yule mpelelezi wa Los Angeles aliyechezwa na Peter Falk katika televisheni ya Marekani, hupewa jibu bila ya kukawia: visa 69. Arobaini na vitano vilionyeshwa na NBC baina ya 1968 na 1978, na ishirini na vinne vikaonyeshwa na ABC baina ya 1989 na 2003. Jibu hilo ni sahihi, wala hapana sababu ya kulikataa. Ila ndani yake zimo hukumu kadha wa kadha ambazo watungaji wa orodha walizikata wenyewe, na ambazo msomaji wa orodha hazioni tena. Yafaa zitazamwe moja moja, kwa kuwa kazi ya kuorodhesha hudhaniwa na wengi kuwa ni kazi ya karani, nayo sivyo.

Hukumu iliyo kubwa ni ile ya mwanzo. Columbo ni zao la waandishi wawili, Richard Levinson na William Link, waliokuwa marafiki tangu utotoni mwao huko Philadelphia. Jina la mpelelezi huyu lilisikika katika televisheni tarehe 31 Julai 1960, katika mchezo ulioitwa "Enough Rope", na aliyemcheza hakuwa Falk bali Bert Freed. Waandishi wale wakaupanua mchezo wao ukawa tamthilia ya jukwaani, "Prescription: Murder", na mwaka 1962 Columbo akachezwa na mzee Thomas Mitchell, ambaye alifariki mwaka huohuo. Tamthilia hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa filamu ya televisheni na kuonyeshwa tarehe 20 Februari 1968, na hapo ndipo Falk alipoingia. Basi hesabu ya 69 yaanza kwa mchezaji wa tatu. Anayeianzia hapo hakuorodhesha visa vya Columbo. Ameorodhesha visa vya Falk akiwa Columbo, na tofauti hiyo si ndogo, maana ile filamu ya 1968 haikuwa kisa kipya hata kidogo. Ilikuwa ni habari ileile ya daktari amwuaye mkewe, iliyokwisha kuonyeshwa miaka minane nyuma.

Si vibaya kukumbuka hapa kwamba mwaka 1960 ndio mwaka ambao "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla kilitoka, na Bwana Msa na kiko chake wakaingia katika fasihi ya Kiswahili. Wapelelezi hao wawili hawakupata kujuana. Bwana Msa amefuata njia ya Sherlock Holmes, ya kumficha mwuaji hata mwisho. Columbo amefuata njia nyingine, ambayo Mwingereza R. Austin Freeman aliijaribu katika hadithi zake za 1912, ya kumwonyesha mwuaji tangu mwanzo, kisha kumwacha msomaji aangalie atakavyonaswa. Njia hii humpa mwenye kuorodhesha raha isiyopatikana kwingine, kwani aweza kuandika jina la mwuaji mbele ya kila kisa pasipo kumharibia mtu utamu wa hadithi.

Lakini raha hiyo nayo ina mipaka. Katika "Last Salute to the Commodore" cha 1976, kilichoongozwa na Patrick McGoohan, mtazamaji hamjui mwuaji mpaka mwisho, kama katika hadithi za kawaida. Katika "No Time to Die" cha 1992 hakuna mauaji yanayopelelezwa. Kuna bibi arusi aliyetekwa nyara, na habari yote imetokana na riwaya ya Ed McBain, ambayo haikuandikwa kwa ajili ya Columbo. Orodha iliyopangwa kwa safu za "mwuaji", "aliyeuawa" na "kosa lililomfichua" yabaki na nafasi tupu mahali hapo. Wako waliojaza nafasi hizo kwa nguvu. Ni afadhali kuziacha tupu.

Hukumu nyingine ni ya utaratibu. Kwa desturi visa hupangwa kwa tarehe ya kuonyeshwa, na kwa hivyo kisa cha kwanza cha mfululizo wenyewe ni "Murder by the Book", cha tarehe 15 Septemba 1971, kilichoandikwa na Steven Bochco na kuongozwa na kijana aliyekuwa bado hajatimiza miaka ishirini na mitano, Steven Spielberg. Hata hivyo kilichotangulia kupigwa picha ni "Death Lends a Hand", kilichoonyeshwa tarehe 6 Oktoba. Kwa mtazamaji wa kawaida jambo hilo halina uzito. Kwa mwenye kuchungua namna Falk alivyokuwa akimjenga mtu wake, koti lililokunjamana, kuondoka na kurudi mlangoni na swali moja lililosahauliwa, utaratibu wa kupiga picha ndio wenye faida, na ule wa kuonyesha waweza kumpoteza. Waliowahi kuorodhesha hati za tenzi hawatakosa kuutambua ugumu huu: tarehe ya kunakiliwa ni jambo moja, na tarehe ya kutungwa ni jambo jingine, na mara nyingi iliyoandikwa chini ya hati ni ile isiyotakiwa.

Misimu nayo haina kipimo. Columbo hakuonyeshwa kila juma. Alikuwa akipokezana na wapelelezi wengine, McCloud na McMillan, chini ya jina moja la jumla, na kwa sababu hiyo msimu mmoja waweza kuwa na visa vinane na mwingine, ule wa 1976 na 1977, visa vitatu tu. Baada ya kuhamia ABC mambo yalizidi kulegea. Tangu Desemba 1990 hata Januari 2003 vilionyeshwa visa kumi na vinne, kimoja kimoja, wakati mwingine baada ya miaka kupita, na orodha nyingi zimeviweka vyote katika "msimu wa kumi", msimu wa zaidi ya miaka kumi na miwili! Nyingine zimevikata vipande na kuzusha misimu ambayo watangazaji hawakuijua. Hakuna kati ya njia hizo iliyo na hoja ya nguvu, na mwenye busara hutumia tarehe na kuliacha neno "msimu" lipumzike.

Kuhusu mipaka ya nje pana mengi mepesi yanayoweza kupitwa haraka. Mfululizo wa "Mrs. Columbo" wa 1979, uliomfanya mke asiyeonekana kuwa mpelelezi, ulibadilishwa majina mara kadhaa na mwishowe ukajitenga na Columbo kabisa; haumo katika 69, na ni haki usiwemo. Lililo gumu zaidi ni kama "Uneasy Lies the Crown" cha 1990. Bochco alikiandika zamani kwa ajili ya Columbo, hakikutumika, mwaka 1977 kikatiwa katika mfululizo wa McMillan, kisha kikarejea kwa mwenyewe baada ya miaka kumi na mitatu. Kisa hicho ni cha mwaka gani, na ni cha nani? Orodha humjibu msomaji kwa tarehe moja, na historia yake yote inapotea.

Hata hivyo, jambo lililofikisha orodha za namna hii mbele ya mahakimu halikuwa idadi wala utaratibu. Lilikuwa jina.

Columbo haitwi jina lake la kwanza na mtu yeyote. Levinson na Link walitaka iwe hivyo, na ubishi wa watazamaji juu ya jina hilo uliwafurahisha wakusanyaji wa mambo madogo madogo. Mmoja wao, Fred L. Worth wa California, alitoa mwaka 1974 kamusi ya mambo hayo, yenye maelfu ya habari zilizopangwa kwa abjadi. Akijua kwamba kazi ya mkusanyaji huibwa kwa urahisi, alitega mtego: akaandika kwamba jina la kwanza la Columbo ni Philip. Halikuwa na asili yoyote. Lilitungwa ili atakayelirudia ajulikane alikolitoa. Baada ya miaka kadhaa ulitokea mchezo wa maswali kutoka Kanada, Trivial Pursuit, ukaenea Marekani kwa kasi kubwa, na katika kadi zake lilikuwamo swali juu ya jina la kwanza la Columbo. Jibu lililochapwa lilikuwa Philip.

Mwaka 1984 Worth alishtaki, akidai dola milioni 300. Wenye mchezo hawakukana kwamba vitabu vyake vilikuwa miongoni mwa vile walivyovitumia. Walisema tu kwamba habari si mali ya mtu. Mahakama ilikubaliana nao, na mwaka 1987 mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu: jambo lililo kweli haliwi milki ya aliyelikuta, na kupanga maswali kwa aina katika mchezo si kunakili kitabu kilichopangwa kwa abjadi. Mtego ulikuwa umenasa, lakini aliyenaswa aliachiliwa.

Hapa pana jambo la kuwafikirisha wote wenye kutunga faharasa na orodha. Uongo wa Worth ulikuwa kitu pekee katika kitabu chake ambacho kwa hakika alikitunga mwenyewe, lakini hakuweza kuutetea kuwa utungo, kwa kuwa alikuwa ameuuza kama kweli. Na madhara hayakuwapata wenye mchezo. Yaliwapata wasomaji, walioendelea kumwita Columbo Philip kwa imani njema. Desturi yenyewe haikuishia kwake. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Marekani ilikata shauri la vitabu viwili vya nambari za simu huko Kansas, ambapo majina 1,309 yalikuwa sawasawa katika vyote viwili, na manne kati yao yalikuwa ya watu wasiokuwako duniani, yaliyopandwa kwa makusudi yaleyale. Mahakama ikasema bila ya kuzunguka kwamba jasho la kukusanya peke yake halileti haki ya mtungaji. Mkusanyaji wa orodha tangu hapo hana ngao katika nchi ile, isipokuwa pale ambapo amechagua au kupanga kwa namna ya kwake.

Na jina? Katika "Dead Weight", kilichoonyeshwa tarehe 27 Oktoba 1971, Columbo anatoa kitambulisho chake, nacho kinaonekana kwa muda mfupi sana. Kimeandikwa Frank. Kilionekana tena mwaka 1976, katika "A Matter of Honor". Wakati Worth alipotunga kitabu chake, mtazamaji hakuwa na njia nyepesi ya kusimamisha picha nyumbani kwake na kusoma maandishi madogo; picha ilipita, na aliyekuwa akipepesa macho aliikosa. Baadaye, kanda na sahani zilipowafikia watu wote, neno lile likasomwa na yeyote aliyetaka.

Waandishi wenyewe hawakupata kulikubali. Kwao kitambulisho kilikuwa kazi ya fundi wa vifaa aliyehitaji kuandika kitu, na Columbo alibaki bila jina la kwanza. Levinson alifariki mwaka 1987, mwaka uleule wa hukumu ya rufani. Falk alifariki mwaka 2011, na Link mwaka 2020. Orodha nyingi za sasa huandika "Frank Columbo" pasipo neno zaidi, kana kwamba alibatizwa hivyo. Iliyo sawa huandika "Columbo" peke yake, kisha katika safu ya maelezo, mbele ya visa viwili vile na si mbele ya vingine sitini na saba, hutia: kitambulisho chasomeka Frank.