Neno "Uchawi" Katika Utafiti wa Masasi na Newala

Nchi ya Masasi na Newala iko kusini kabisa mwa Tanzania, si mbali na mto Ruvuma. Mji wa Masasi umekaa chini ya majabali makubwa. Newala iko juu, katika ukingo wa magharibi wa uwanda wa Wamakonde, mahali ambapo maji ni haba na tangu zamani wanawake walishuka bondeni kuyateka. Wamakonde, Wamakua na Wayao wamekaa huko kwa ujirani, kila kabila na lugha yake, na Kiswahili kikawa lugha ya kusikilizana na wageni. Kwa njia ya Kiswahili wageni wengi waliuliza habari za uchawi. Hapana budi, basi, kutazama neno hilo lilibeba nini na liliacha nini.

Wa kwanza kukaa walikuwa wamisionari wa Kiingereza. Katika mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere, mtaalamu mashuhuri wa Kiswahili, aliwapeleka Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kijiji. Kwa wamisionari wengi wa zama zile uchawi ulikuwa jambo la kukomeshwa kuliko jambo la kuchunguzwa. Hata hivyo waliandika lugha za wenyeji, na kazi hiyo ikawa msingi wa utafiti uliofuata.

Mwaka wa 1906 alifika Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig. Alipita Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, mkubwa wa Wayao, kisha akapanda Newala na Mahuta. Alichukua picha, akanasa nyimbo kwa mashine ya sauti, akakusanya vinyago na vyombo, akashuhudia unyago wa wasichana. Walakini wakati wenyewe haukuwa mwema. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka wa 1905, na misheni ya Masasi ilikuwa imeharibiwa humo. Kinjikitile wa Ngarambe, aliyetoa dawa ya maji, alikuwa amekwisha kunyongwa na Wadachi. Sasa anakuja Mdachi mwingine, ana askari wa serikali pamoja naye, anauliza habari za dawa. Mtu mwenye akili angejibu nini? Vitu vya kuonekana kwa macho Weule alivipata kwa wingi; ya moyoni hayapatikani kwa namna hiyo.

Baada ya Waingereza kushika nchi, ilitokea shida ya pili. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo hata leo imo katika sheria za Tanzania, ilimkataza mtu kujidai kuwa na nguvu za uchawi au kuwa na vifaa vyake. Ilikataza pia kumtuhumu mwenziwe kuwa mchawi. Nia yake ilikuwa kuwalinda watu wasiumizwe kwa tuhuma. Lakini kwa wanakijiji mganga na mchawi ni watu wawili mbalimbali: mmoja hufunua na kuponya, mwingine huficha na kuua. Sheria iliwaweka kizimbani pamoja, na wengi waliona kwamba mchawi ndiye aliyelindwa. Tena mtafiti aliyeshika daftari na kuuliza, "Nani mchawi hapa?", alikuwa anamtaka mwenyeji atende kosa. Kimya alichokutana nacho hakikuwa ujinga.

Waliofaulu zaidi ni wale waliotangulia kujifunza lugha. Lyndon Harries, padre wa Masasi, aliandika juu ya lugha za kusini, na mwaka wa 1944 ilichapishwa kazi yake juu ya jando na unyago wa Wamakonde. Mwaka wa 1968 Peter Lienhardt alichapisha utenzi wa Hasani bin Ismail juu ya mganga Nguvumali. Humo mwenye lugha anasema mwenyewe, hajibu maswali ya mgeni. Ng'ambo ya Ruvuma, katika uwanda wa Mueda, Harry West alishika maneno ya Wamakonde wenyewe: "uwavi", na "kupilikula", yaani kupindua alilolitenda mchawi. Kitabu chake cha mwaka 2005 kilichukua jina la neno hilo la pili.

Wayao nao husema "usawi". Maneno haya yote yakitiwa katika kapu moja la "uchawi", tofauti zake hupotea, na hasara si ya kamusi peke yake. Kwa neno hilo mtu hufukuzwa kijijini, hupelekwa mahakamani, na pengine huuawa. Kwa hiyo mwenye kulifasiri ana dhamana kubwa: kabla ya kuandika kwamba fulani ameitwa mchawi, aandike kwanza aliitwa kwa neno gani, kwa lugha gani, na mbele ya nani.