Herufi Tano Si Kipimo cha Akili

Wasee, tuongee ukweli. Kila asubuhi kuna mtu ameposti vile viboksi vya kijani na njano vya Wordle. Amepata neno la herufi 5 kwa majaribio matatu na anaringa kama amepewa digrii. Wewe umemaliza nafasi zote 6 bila kitu, na sasa unaanza kushuku kichwa chako. Tulia. Hebu nikupe historia ya hii kitu, kwa sababu kuna uongo mahali.

Tuanze mbali. Karne ya 9, Baghdad, msomi anaitwa al-Kindi aliandika jinsi ya kusoma barua za siri. Mbinu yake? Hesabu herufi. Kila lugha ina herufi zinazojirudia sana na zingine zinaonekana mara moja moja. Ukijua ni zipi, maandishi yaliyofichwa yanaanza kufunguka yenyewe. Na hakuwa na haja na Kiingereza. Kiingereza cha wakati huo hata Muingereza wa leo hawezi kukisoma bila kufunzwa.

Songa mpaka Marekani, miaka ya 1930. Uchumi umeanguka, na msanifu majengo anaitwa Alfred Butts hana kazi. Anakaa chini na magazeti na anaanza kuhesabu: E ngapi, T ngapi, Q ngapi. Kutoka hapo akatengeneza mchezo wa vipande 100 vya herufi. E ikapata vipande 12, Q na Z kimoja kimoja. S, ambayo iko kila mahali kwa Kiingereza, aliipa vinne tu makusudi, juu ukiongeza S mwisho wa neno unapata wingi bila jasho. Kampuni zilimkataa. Mwaka wa 1948 mwenzake James Brunot akaupa jina jipya: Scrabble.

Wordle nayo ni ya juzi. Josh Wardle, mzaliwa wa Wales aliyekuwa anaishi Brooklyn, aliitengenezea mpenzi wake, Palak Shah. Kiingereza kina maneno kama 12,000 ya herufi 5, lakini mengi hakuna mtu huyatumia. Shah akayapitia, akabakisha kama 2,500 aliyoona yanajulikana. Novemba 1, 2021, waliocheza walikuwa watu 90. Miezi miwili baadaye walikuwa zaidi ya 300,000, na kabla Januari iishe New York Times ikanunua.

Umeshika hapo? Orodha iliyokuwa inakutesa ilichujwa na mtu mmoja, kulingana na maneno anayoyajua yeye. Siyo Kiingereza kizima. Na kabisa siyo akili yako.

Kama bado unabisha, 2015 inamaliza ubishi. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na haongei Kifaransa! Alimeza kamusi kwa kama wiki tisa, akaenda, akawapiga wenyewe. Kwake maneno yalikuwa ni mpangilio wa herufi tu.

Mwaka huo huo, Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Fainali alimchapa Muingereza, Lewis Mackay, 4 kwa 0. Sasa sikia mbinu. Unakuwa na vipande 7, na ukivitumia vyote kwa mpigo unapewa pointi 50 za ziada, kwa hivyo wengi hukimbilia maneno marefu. Wanigeria walijifunza sana maneno mafupi, ya herufi 4 na 5. Neno fupi linafunga ubao, na linakuachia herufi poa za kutumia baadaye. Moja ya maneno yake kwa fainali ilikuwa FELTY. Herufi 5, pointi 36.

Naandika haya kwa nini? Kwa sababu nchi hii bado inapima akili kwa Kiingereza. Wengi wetu tulivalishwa monto shuleni kwa kuongea lugha ya nyumbani. Mimi niliacha chuo, na kila nikiweka video ya Kiswahili lazima mtu aandike chini yake ati ningemaliza masomo ningekuwa natema ngeli. Buda, kujua lugha ya watu ni kitu kizuri. Lakini al-Kindi alihesabu, Butts alihesabu, Jighere alipiga mazoezi. Hiyo ni kazi, na kazi haina lugha.

Sasa jaribu mchezo huo kwa Kiswahili uone maajabu. Nyota, ndizi, jembe, mkono, uhuru. Herufi ya mwisho karibu kila mara ni vokali, kwa hivyo hapo una chaguo tano tu. Ugumu unahamia mbele, kwa ngeli zenyewe, zile za sarufi. Kiingereza huweka wingi nyuma, sisi tunauweka mbele. Mtoto ni herufi 5, watoto ni 6. Mwalimu ni 7, walimu ni 6: watu wameongezeka, neno limepungua! Ujanja wa Butts wa kubana S hauwezi kutusaidia. Lazima mtu ahesabu upya, aangalie M na W, aamue neno gani linajulikana Mombasa na Kakuma na Eldoret, na nani ataamua.

Hiyo orodha ya maneno 2,500 yetu naitaka. Nimeshaanza na haya matano. Ongeza lako hapa chini, herufi 5, bila kuangalia kamusi.